Mwalimu Aliyekalia Mikono Yake

Ukimwita kumwambia kwamba programu yako imekataa, Mwalimu alivuta kiti, akaketi nyuma yako kidogo, akaingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja na kuikalia. Kisha alisema, "Haya, onyesha." Alidai kwamba mikono yake ina haraka kuliko macho yake, na akiiacha huru itakunyang'anya kipanya na kurekebisha kitu kabla yeye mwenyewe hajakiona. Nimemwona akikaa hivyo nusu saa nzima, jasho likimtoka puani, huku mwanafunzi akitafuta herufi moja kwenye kibodi kama anayetafuta kiroboto kwenye blanketi.

Nilifahamiana naye katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenye chumba cha mabati chenye paneli za jua juu yake na kompyuta kumi na mbili za msaada ndani yake. Asubuhi alifundisha. Mchana aliandika programu za kuwekwa kwenye mashine za watu: moja ya maktaba ya kanisa, moja ya duka la dawa za mifugo, na moja ya chama chetu cha wafugaji. Mimi nilikuwa karani wa chama hicho. Nilikuwa nimemaliza sekondari kabla ya kukimbia kutoka Kivu, Kongo, na hiyo ilitosha kunipa kiti, meza na ufunguo wa kabati. Aliniita Papa Karani. Mimi nilimwita Mwalimu kama walivyomwita watu wote, pamoja na mume wake.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya. Kwa mashine alikuwa na uvumilivu usio na mwisho, ila kwa foleni hakuwa nao hata kidogo. Nilimwona akiacha mahindi ya mgawo kwa sababu mtu mmoja alipenya mbele yake, kisha akarudi darasani na kukaa saa nne akitafuta nukta moja iliyokosewa. Alikataza chai karibu na kompyuta, na alikuwa ameandika katazo hilo ukutani kwa rangi nyekundu. Kikombe chake mwenyewe, chenye sukari vijiko vinne, kilikaa juu ya kompyuta yake kila siku. Tukimwuliza, alisema, "Hii yangu imeshazoea." Alitufundisha kuweka nakala ya kazi katika sehemu tatu, lakini funguo za nyumba alizipoteza mpaka mume wake akaacha kufunga mlango.

Jambo ambalo hakulivumilia lilikuwa neno "mashine inanichukia". Mtu akilisema, alisimamishwa mbele ya darasa kama wanavyosimama kanisani kwetu watu wanaotoa ushuhuda. Alitakiwa kusema mambo matatu tu: niliandika hivi, nilitazamia hivi, nimeona hivi. Hakuruhusiwa kulia wala kumtaja shetani.

"Niliandika itafute jina la kitabu," alianza kijana mmoja siku moja. "Nilitazamia ilete kitabu. Nimeona… Mwalimu, mashine imekufa kabisa."

"Haijakufa. Iko inafanya kazi kuliko weye. Inuka. Zunguka hii meza mpaka Papa Karani asimame."

Nilikuwa nimekuja kuomba wino wa printa. Mwalimu aliniinamia sikioni akaninong'oneza, "Papa, usisimame." Basi nikakaa. Kijana alizunguka. Mara ya tano alinitazama kwa heshima. Mara ya tisa alinitazama bila heshima. Mara ya kumi na nne alisema, "Lakini Mzee, miguu yako iko na nini?" Darasa zima likaanguka kwa kicheko.

"Ndiyo vile uliiambia mashine yako," Mwalimu akasema. "Zunguka mpaka kitu fulani kifanyike, na hicho kitu hakifanyike hata siku moja. Imetii. Inazunguka. Weye unasema imekufa."

Tangu siku hiyo, programu ya mtu ikiganda, wanafunzi walipiga kelele, "Papa Karani amekaa!" Hata watoto wa shule ya msingi walianza kunisalimia hivyo njiani.

Namna yake ya kueleza aliitoa katika maisha ya watu waliokuwa mbele yake. Programu ya duka la dawa ilifanya kazi vizuri kwenye mashine yake, lakini tulipoipeleka Mbarara kwa flashi, kwenye kompyuta ya mwenye duka, ilitoa kisanduku kimoja chenye maneno ya Kizungu na kujifunga. Mwenye duka, Mnyankore mnene mwenye furaha, alisema, "Mwalimu, hii programu yako inaogopa mji." Mwalimu alikalia mikono. Alitazama mara tatu. Kisha aligeuka kwangu, maana mimi ndiye niliyenakili.

"Papa, ulileta nini kwa flashi?"

"Programu. Ile yenye picha ya chupa."

"Na yale mafaili madogo yalikuwa pembeni?"

"Yale niliyaacha. Hayakuwa na picha."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Weye uko mufugaji. Umehamisha ng'ombe, umeacha ndama nyumbani, halafu unakaa chini unakamua. Atakupa maziwa?" Mwenye duka naye akacheka, kwa sababu ng'ombe wenye pembe ndefu wa nchi yake ndio wa kwanza kubana maziwa wasipoona ndama. Tangu hapo sikusahau kwamba programu ina mafaili yanayoitegemeza, na kwamba kile ambacho hakina picha kinaweza kuwa ndicho chenye maziwa.

Siku nyingine programu yetu ilikuwa ikijifunga kila tulipoandika ng'ombe wa mama mmoja mjane. Tuliona kwamba kisanduku cha idadi ya ndama tulikiacha wazi. Nikasema, "Ni kama sufuri tu." Mwalimu akaniuliza, "Nikikuuliza weye uko na watoto ngapi, ukinyamaza, niandike hauna?" Nilikuwa na mtoto mmoja ambaye sikujua kama yuko hai. Aliona uso wangu, akaniwekea mkono begani, na alasiri hiyo akaandika mistari minne iliyofanya programu ielewe tofauti kati ya hapana na hatujui.

Asidhani mtu kwamba hakukosea. Programu yetu ya kwanza ilikuwa na orodha ya majike watakaozaa, na mwezi mmoja ilitoa jina la Jenerali. Jenerali alikuwa fahali wa mwenyekiti wetu, mwenye nundu kama mlima. Karatasi ilisema atazaa mwezi wa tano. Wazee walikuja kumtazama, wakampapasa tumbo, wakampa mwenyekiti pongezi. Mwalimu aliposikia, alipanda boda mpaka Endiinzi, kwenye malisho, akasimama mbele ya yule fahali na watu wote.

"Jenerali, unisamehe," akasema. "Sikuuliza kwanza kama uko mwanaume."

Aliporudi aliandika kosa lake katika daftari lenye jalada la bluu. Humo aliandika makosa yake yote, na kila moja aliliandikia mstari wa jinsi lilivyotokea na mstari wa jinsi alivyolitengeneza. Wanafunzi waliruhusiwa kulisoma. Alisema ni kitabu pekee alichoandika ambacho kila sentensi yake ni kweli.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo halikuwamo katika daftari lile, kwa sababu lilikuwa langu.

Kompyuta ya chama ilikuwa na kibetri kidogo ndani kinachotunza saa, na kilikuwa kimekufa. Umeme wa jua ukikatika, mashine iliamka ikidhani ni mwaka wa zamani sana. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kurekebisha tarehe. Programu ilichukua tarehe kutoka kwenye saa hiyo. Nikiandika kwamba ng'ombe fulani amechanjwa, ilijiwekea yenyewe siku ya leo, na mimi sikuweza kuigusa. Mwalimu aliitengeneza hivyo kwa sababu mwenyekiti alitaka kuona kama karani anaandika kazi siku ileile au anaiacha ilale.

Mwisho wa mwezi wa tisa ng'ombe arobaini walichomwa sindano ya kwanza. Ya pili ilitakiwa wiki nne baadaye, isipite, la sivyo mtu anaanza upya. Siku ya sindano mimi sikuwapo. Nilikuwa Kikagate, mpakani, kwa biashara yangu ya vitenge, na sikuwa nimeomba ruhusa. Niliporudi, mwezi wa kumi ulikuwa umeanza, na karatasi za mchanjaji zilikuwa zimewekwa chini ya mlango. Nikawaza: nikiziandika leo, mwenyekiti ataona sikuwapo. Basi nikairudisha saa ya kompyuta nyuma mpaka siku ya sindano, nikaandika ng'ombe wote arobaini, nikairudisha saa mbele, nikaenda kula. Nilijiona mwerevu. Ila nilipokuwa nikirudisha mwezi nyuma, kidole kilibonyeza mara mbili badala ya mara moja. Ng'ombe arobaini wakawa wamechanjwa mwezi wa nane.

Kila Jumatatu programu ilitoa orodha ya watu wa kuwapigia simu walete ng'ombe. Jumatatu ya sindano ya pili orodha ilitoka tupu, kwa sababu kwa hesabu yake siku hizo zilikuwa zimepita zamani. Ningeweza kujiuliza. Nilifurahi kwamba sina watu wa kuwapigia.

Jumatano daktari wa mifugo alifika kutoka Mbarara akiwa na sanduku la barafu kwenye pikipiki. Hakukuta hata mkia.

"Ssebo," aliniambia, yaani bwana kwa lugha yao, "ng'ombe iko wapi?"

"Daktari, leo hakuna ng'ombe kwenye orodha."

"Orodha gani? Mimi natoka Mbarara asubuhi, barabara mbaya, barafu inaisha, dawa ya ng'ombe arobaini iko hapa. Nichanje nani sasa? Nichanje wewe?"

Tulituma watu mbio, lakini ng'ombe walikuwa malishoni mbali. Kufikia saa tisa barafu ilikuwa maji na dawa imeharibika. Mwenyekiti alipiga meza. Mwalimu aliitwa.

Alikuja, akakaa, akaikalia mikono yake. Nikamwonyesha orodha tupu. Nikamwonyesha ng'ombe, mmoja mmoja, wote wakiwa na mwezi wa nane, na karatasi za mchanjaji zikisema mwezi wa tisa. Alifikiri kwa sauti, kama kawaida yake. Kama ni kibetri, tarehe ingekuwa ya mwaka wa zamani. Hii imekosea mwezi mmoja tu. Aligeuka, akanitazama vizuri, bila shaka yoyote machoni.

"Papa Karani, ile siku uligusa saa?"

"Niliirekebisha asubuhi, kama kila siku."

"Hakuna kitu kingine?"

"Hakuna."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hata hakuuliza mara ya pili. Alisema basi kosa liko ndani ya kazi yake, mahali anapohesabu miezi, na katika mkutano wa chama alisimama mbele ya watu wote.

"Programu ni yangu, na kosa ni langu. Sijaliona bado, lakini nitaliona."

"Jenerali amezaa sasa!" mtu mmoja wa nyuma akapiga kelele, na mara hii kicheko hakikuwa kizuri. Nilikuwa nimeketi safu ya kwanza nikiandika mihtasari. Niliyaandika maneno yake yote kwa mwandiko safi.

Chama kilirudi kwenye vitabu vya karatasi. Duka la dawa liliposikia, nalo likaiondoa programu yake. Mwalimu alitafuta kosa lile kwa miezi, kisha kwa miaka. Kila nilipopita alikuwa na kurasa zilizochapwa, akizisoma kwa sauti mstari kwa mstari, kwa mama muuza nyanya aliyekuwa jirani wa darasa, ambaye alikuwa akiitikia "ndiyo" na "ehe" huku akipanga mafungu. "Ukisomea mutu asiyejua kitu," aliniambia, "haumudanganye. Unasikia fasi, mahali unaruka." Mama yule alijifunza kalenda nzima ya programu yetu. Kosa halikuonekana, kwa sababu halikuwamo.

Mwishowe aliacha kuandika programu. Wanafunzi wapya aliwafundisha kuchapa barua tu. Kisha darasa lilifungwa, naye akahamia Mbarara. Mimi nilibaki na ukarani wangu miaka minne zaidi, mpaka macho yalipoanza kuona ukungu.

Macho hayohayo ndiyo yaliyonipeleka Ruharo, hospitali ya macho ya Mbarara. Nilikuwa nimetoka kwa daktari, nimepewa karatasi ya kutoa nakala, nikaingia kibanda cha kwanza chenye maandishi ya fotokopi. Nyuma ya kaunta alikuwa Mwalimu, mvi zimeanza mbele, kikombe kiko juu ya mashine.

"Papa Karani! Umekaa ao umesimama?"

Akatoka nje ya kaunta akanikumbatia, akaniletea kiti, akampigia simu mume wake aniamkie. Alisema anapiga chapa barua za wanafunzi na kutoa nakala za vitambulisho. Kazi ilikuwa nyingi, Mungu ni mwema. Nikamwuliza kama anaandika programu.

"Ile niliacha, Papa. Mutu asiyeweza kuhesabu miezi ataandika programu gani?"

Alisema akicheka. Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Nikamwambia. Nilimwambia Kikagate, vitenge, karatasi chini ya mlango, saa niliyoirudisha, kidole kilichobonyeza mara mbili. Nilimwambia kwamba aliponiuliza nilijua jibu, na siku ya mkutano nililijua zaidi.

Mwalimu akapiga makofi mara mbili, akapiga kelele iliyowashtua wateja: "Kumbe miezi iko sawa! Kumbe hesabu iko sawa!" Alizunguka kile kibanda, na hakikuwa kikubwa, akigusa kila kitu. "Nilijua! Ile fasi niliisoma mara mia! Mama wa nyanya mwenyewe alisema, hapa hapana kitu!"

"Nisamehe, Mwalimu."

"Na unajua? Katika kutafuta kosa lako nilipata makosa matatu yangu, ya kweli kabisa. Hakuna mutu aliyajua."

Kisha alikaa. Furaha ilimtoka usoni taratibu, na nikaona alichokuwa anakihesabu sasa.

"Papa, ile miaka mingi."

"Najua."

"Hapana. Haujue." Alifuta uso kwa kitenge. "Nilikuwa naamka naogopa kichwa yangu. Nilisema, kama sioni kosa lenye liko mbele yangu, niko mujinga."

Nilisema tu kwamba nitakwenda kwenye chama, nisimame mbele ya walewale, nao wengi bado wako hai.

"Utabaambia?"

"Nitawaambia. Jumamosi."

Alinitazama kama alivyotazama skrini. Halafu akavuta droo, akatoa flashi iliyofungwa kwa uzi, akaichomeka. Programu yetu ilifunguka, na orodha ya ng'ombe ambao wengi wao walikuwa wameshaliwa. Akafungua mistari ya ndani.

"Basi kosa langu la nne hili hapa," akasema. "Niliiambia programu iamini saa. Sikuiambia iulize kama saa inarudi nyuma. Weye ulidanganya, lakini mimi niliacha mulango wazi."

Nilimwambia asichukue tena lawama yangu. Akasema hachukui, anagawa. Aliandika, akafuta, akaandika tena, midomo ikisoma. Mteja mmoja aliingia na kitambulisho, wa pili na cheti. Mwalimu hakugeuka. Kisha akanisogezea kibodi.

"Danganya," akasema.

Nikairudisha saa nyuma mwezi mmoja, nikaandika ng'ombe mmoja amechanjwa, nikabonyeza kuhifadhi. Kikatokea kisanduku: *Tarehe hii iko nyuma ya kazi ya mwisho. Leo ni siku gani kweli?*

Nikaandika siku ya kweli. Ikakubali.

Mwalimu aliihifadhi programu kwa jina jipya, lenye namba moja zaidi mwishoni, akaniomba namba ya simu ya karani wa sasa wa chama. Nilikuwa ninamsomea namba wakati mwenye cheti alipogonga kaunta.

"Nyabo, mama, mimi nimengoja. Fotokopi moja tu!"

"Ngoja kidogo, Papa," Mwalimu akamjibu, macho kwenye skrini. "Niko kwa kazi."